Mvamizi Aliyepiga Hodi

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne, na Kasongo nzima inanuka udongo. Nimecheka mpaka mbavu zinauma, lakini kuna jambo moja lazima nikiri.

Leo ofisi yetu ya Serikali imeshambuliwa na mtu mmoja mwenye bunduki.

Na aliyemwita ni mimi.

Nianzie wiki iliyopita. Mimi ndiye ninayekaa kwenye dirisha la kuandikisha silaha za wawindaji, kazi ya majaribio, mwezi wa sita huu bila kuthibitishwa. Akaja Mzee Kabunda, mwindaji kutoka upande wa Wamaza, siku mbili kwa miguu, gobori lake begani. Nikajitia ubosi. Nikamwambia bunduki yenye kitu ndani haiingii ofisi ya Serikali, arudi siku nyingine ikiwa tupu. Sikumwuliza hata kama amekula.

Basi, leo asubuhi tulikuwa tumeizunguka redio ya Mama Zaina, mwenzangu wa meza ya pili, kila mtu na chai yake. Redio ilikuwa inasimulia habari za mtu aliyevamia peke yake jumba la serikali, huko nchi ya mbali. Shefu wetu, mkuu wa ofisi, akaongeza sauti, akatikisa kichwa, akasema hapa kwetu mambo kama hayo hayawezekani, ulinzi upo.

Paa!

Mabati yalitikisika. Moshi ukaingia dirishani. Sisi wa huku hatufanyi mzaha na mlio wa bunduki, tumeshakimbia vita mara nyingi na godoro kichwani. Nilikuwa chini ya meza kabla kikombe changu hakijafika sakafuni, na Mama Zaina, na unene wake wote, alikuwa ameshanitangulia humo. Shefu aliruka nje kwa dirisha la nyuma. Kiatu kimoja hakikumfuata.

Polisi wakaja mbio, wakamwangusha mvamizi matopeni, wakamfunga mikono, wakamwingiza ndani. Nikachungulia. Mzee Kabunda! Alikuwa amevaa shati la sikukuu, matope mpaka kwenye ndevu.

"Nilipiga hodi mara tatu, hakuna mutu aliitika," akasema. "Gobori hauwezi kuitoa baruti na mukono. Ukishashindilia, unaipiga tu, inaisha. Basi nikaielekeza juu, nikaimwaga. Niliambiwa ikuye tupu."

Kumbe! Hakuna mwindaji anayepita msitu na bunduki tupu, na gobori likishajazwa halitolewi kilichomo ila kwa kulifyatua. Mtoto yeyote wa Wamaza analijua hilo. Mimi, binti wa wauza vitambaa wa mjini, sikulijua.

Shefu, aliyekuwa amerudi na mguu mmoja mtupu, hakutaka kusikia. Iandikwe kwamba ni shambulio, mzee apelekwe kwa mahakama ya kijeshi. Huko watu huingia kwa kosa dogo wakakaa miaka.

"Nani alikuambia ile?" akafoka.

Mzee akageuza macho taratibu, akatazama chini ya meza. Akaniona. Tulitazamana kabisa.

"Miye muzee, Shefu. Nimesahau."

Nilinyamaza. Acha niandike ukweli: nilinyamaza, nikawaza miezi yangu sita, nikaona wameanza kumvuta kuelekea mlangoni.

Ndipo nikatoka chini ya meza.

"Ni miye, Shefu. Miye nilimwambia ikuye tupu. Na muvamizi gani anapigaka hodi mara tatu?"

Polisi mmoja akacheka kwa pua. Akafuata kucheka Mama Zaina, ambaye alikuwa amekwama chini ya meza na ilibidi tuiinue meza ili atoke. Shefu akatutazama wote, akauliza kiatu chake kiko wapi.

Mzee alifunguliwa, gobori likaandikishwa. Mchana shangazi yangu akapiga simu kutoka Salamabila akilia: huko wamesikia Kasongo imetekwa na kikosi kizima! Nimemwambia kikosi hicho kiko nyumbani kwetu kinakula wali na sombe ya majani ya muhogo, kimeongeza mara mbili.

Kuhusu kazi yangu, Shefu amesema ataamua Jumatatu. Naogopa, sitaficha. Lakini kinachonisumbua zaidi ni ule muda chini ya meza. Kama Mzee angenitaja, ningekuwa na hasira naye. Hakunitaja, na bado nilihitaji kufikiri.

Jioni hii nikampelekea maji ya kunawa, nikamwuliza kwa nini alinificha.

"Ulikuwa unatetemeka," akasema, akanyoosha mikono nimmiminie.

Sijui Jumatatu itakuwaje. Ila kesho nitafika ofisini mapema, redio izimwe, na mtu akipiga hodi nitaitika kabla hajapiga ya pili.