Dama Menza, Bingwa Aliyecheza Nje ya Mlango

Ni mwaka mmoja sasa, Mama Kai, tangu Bwana akupumzishe, na ukumbi wa kanisa hapa Changamwe bado unakungoja urudishe mpira.

Mchana ulishona magunia kiwandani, jioni ukacheza tenisi ya meza. Mara sita ulikuwa bingwa wa wanawake wa Pwani. Wenzako walisimama karibu na meza wakapiga kwa nguvu. Wewe ulirudi nyuma, hatua kwa hatua, ukiukata mpira kwa chini, taratibu, kama mtu anayemenya papai. Ukumbi ulipokwisha, ulifungua mlango ukachezea barazani. Akina mama wa jikoni walizoea kukupisha na masufuria yao.

Tunaikumbuka fainali yako ya mwisho. Mzee Elkana wa kanisa alikuwa amesema ukishindwa, meza itolewe, mahali pake viwekwe viti vya harusi. Na juu ya meza hiyo hiyo, wavu ukishatolewa, ndipo sisi watu wazima wa darasa la jioni, mumeo akiwemo, tulipojifunza kuandika. Siku hiyo tuliomba kuliko siku ya mtihani.

Winfred, binti wa Kiembeni uliyepambana naye, alikutania kila uliporudi nyuma. "Shangazi, njoo ndani. Chai bado haijaiva."

"Wewe piga tu, mwanangu. Mie nipo."

Ilibaki pointi moja upate kombe. Winfred akapiga kwa nguvu zake zote, mpira ukadunda mezani ukapita mlangoni. Hatukukuona tena. Akaweka raketi chini, akainua mikono. Ndipo mpira ukarejea kutoka barazani, juu juu, bila haraka, ukavuka wavu na kudunda mbele yake.

Winfred alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mzee Elkana akasema, "Haya, meza ibaki. Lakini Dama, siku nyingine ukitoka, uage."

Hukuaga, Mama Kai. Mwaka jana ulitoka vile vile, kimya kimya. Tunamshukuru Mungu kwa kila siku aliyotupa nawe.

Unakumbukwa na mumeo Nguma, aliyeyaandika haya juu ya meza yako. Wanao Kai na Nyamvula. Dada yako Dhahabu. Mjukuu wako Sarah. Na Winfred, ambaye sasa ndiye anayewafundisha watoto wetu kurudi nyuma.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Mlango tumeuacha wazi.