Bosi Anataka Niseme Tamthilia ya Ng'ambo ni Yetu

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie upesi maana furaha yangu imeingia mchanga, mimi ndiye ninayetia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za ng'ambo, yule tajiri mwenye masharubu unayemsikia kila jioni ni mimi, baba yake ni mimi, na daktari anayemtibu baba ni mimi pia, shule niliiacha mapema lakini dunia nzima naijua kwa mdomo, nimeoa mara nyingi kwenye runinga na sijatoa mahari hata siku moja. Sasa serikali imeamuru nusu ya vipindi vya runinga vitengenezwe hapa nchini, na Jumatatu wakaguzi wanakuja kituoni kwetu. Mke wangu ni msusi, yeye na wenzake wana mchezo wao wa kuigiza unaotokea humo humo saluni, mimi wamenifanya bwana harusi aliyetoroka, mchezo mtamu, mteja mmoja alicheka mpaka akaondoka kichwa nusu hakijasukwa. Nikamkimbilia bosi na habari hiyo, akasema hana haja na wasusi, wakaguzi wakija niwaambie tamthilia ya tajiri ni yetu kwa kuwa sauti ni ya hapa, nikikataa nitafute kazi kwingine. Mke wangu kila jioni ananiuliza bosi amesemaje, nami nakohoa. Tena nina aibu nyingine, nikiigiza na watu walio hai nasema nakupenda, kisha natulia nikisubiri mdomo wa yule mwigizaji wa ng'ambo ufunge, kama niko studio, wasusi wanagaragara, mke wangu ananiambia, "Mume wangu, mwenye mdomo hapa ni wewe." Nifanyeje?
Sauti ya Dhahabu

Sauti ya Dhahabu, kumbe tajiri ni wewe. Nimekulilia leso mbili, na nyingine niliazima kwa wifi.

Pole kwa bosi huyo, lakini nawe umezidi. Mwanamke anakupa nafasi ya kwanza kwenye mchezo wake, wewe unamkoholea? Na wakaguzi utawadanganyaje? Tamthilia yenyewe ina theluji mpaka dirishani, utawaambia ilianguka mtaa gani? Kutia sauti ni ufundi wa heshima, usiuchafue kwa uongo wa mtu mwingine.

Jumamosi fungeni saluni mapema, mrekodi sehemu ya kwanza, hata kwa simu, ila zimeni mashine za kukaushia nywele. Mpelekee bosi kabla ya wakaguzi, aone kwa macho anachokikataa. Kazi inaweza kupotea, sikufichi. Lakini agizo hilo limevibana vituo vyote, na vyote vinatafuta kipindi kama hicho chenu. Gonga milango.

Kunyamaza kwako kusikutishe. Bwana harusi aliyetoroka, akirudishwa mbele ya bibi harusi, ajibu upesi ana nini cha kusema? Nyamaza, mkeo akuseme mpaka achoke. Watu watapenda hapo hasa.

Ila yote haya yanaanza kwake. Usinijibu mimi. Nenda saluni sasa hivi ukamwambie alichosema bosi, na kama ana kitana mkononi, simama mbali kidogo.