Hivi Ndivyo Kidoti Alivyoondoka

Alhamisi, mwezi wa saba, 2006. Al Khuwair.

Joto digrii arobaini na tatu, na unyevu juu yake. Karakana imefungwa, huku kwa Waarabu Alhamisi ni siku ya mapumziko, na mimi nimekaa nyumbani na hasira za kuwatosha watu wawili. Binti yangu alinifungulia blogu hii ili, kwa maneno yake, nipunguze kunung'unika mezani. Basi leo nnanung'unikia hapa.

Kesho alfajiri mdogo wangu Zuwena anapanda ndege na mumewe kwenda kuishi Uingereza, na hatujaagana.

Kwa mawifi zake kenda kuaga. Kwa mwalimu wake wa zamani kenda. Mpaka kwa fundi wake wa nguo kenda kutakana radhi. Nimehesabu nyumba tisa. Mimi niliyemlea hapa tangu ana miaka kumi na saba alinijia Jumatano, saa nne asubuhi, na anajua fika kwamba saa hiyo nimo karakanani nakata vioo. Kaniachia bahasha kwa mke wangu, Asha. Ndani mna diski moja na karatasi: "Kaka, tazama ya kumi na nane, mwisho wake. Tumeshindwa sote."

Inabidi nieleze.

Mwaka tisini na tatu tulikuwa na chumba na ukumbi, mimi, Asha na Zuwena. Karakana sikuwa nayo bado, nilikuwa nakata vioo vya tajiri mwingine. Burudani yetu ya jioni ilikuwa tamthilia moja kongwe ya safari za nyota, ya Kiingereza, na maandishi ya Kiarabu chini. Chombo chao kama tangi la maji lililolazwa ubavu. Mwenye chombo mzee mkali, sisi tukimwita Babu. Na msichana aliyesafiri naye tukamwita Kidoti, kwa ile alama shavuni mwake. Babu anatengeneza mitambo, Kidoti anampa spana na kumtoa kwenye mauti. Kwa hesabu yangu Kidoti alimwokoa Babu mara kumi na saba. Babu alimwokoa yeye mara sita.

Katika sehemu ya kumi na nane Kidoti anaondoka. Tulijua, ilitangazwa wiki nzima. Kafunga begi, kasimama kwenye mlango wa chombo, kafungua mdomo aseme, na adhana ya Magharibi ikaingia.

Sina neno na adhana. Kila kipindi kilikuwa kikikatwa hivyo hivyo. Lakini picha iliporudi Kidoti hayupo. Babu kakaa mezani peke yake, mbele yake vikombe viwili vya chai. Mara majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Basi ndio ugomvi ukazaliwa.

"Walikunywa chai, akambusu mkono, wakatakana radhi," Zuwena alisema. "Vikombe viwili si hivyo, Kaka?"

"Kafukuzwa huyo. Kikombe cha pili kimejaa pomoni, hakuna aliyekigusa."

"Khaa! Wewe unapima mpaka chai ya watu!"

Miaka kumi na tatu. Siku ya harusi yake, kwenye kiti cha bibi harusi, na hina mpaka viwikoni, nilipoinama kumpa mkono alininong'oneza, "Kambusu mkono." Nikamjibu, "Kafukuzwa." Huko ndiko kulikuwa kuagana kwetu, na kulitutosha.

Leo baada ya chakula nikaiweka diski. Asha yuko nyuma yangu anakunja nguo. Nikapima kwa saa. Tuliyoyakosa wakati wa adhana ni dakika tatu na nusu, na ndani yake kuagana kwenyewe ni sekunde thelathini na tisa.

Thelathini na tisa!

Hakuna busu la mkono. Hakuna kufukuzwa. Kidoti kasimama mlangoni na begi lake. Babu kalala chini ya mitambo, inaonekana miguu tu. Kidoti anasema, "Nnaondoka." Babu anasema, "Sasa hivi, nimalizie hii." Kidoti anasubiri. Halafu anaweka spana sakafuni, pole pole, karibu na mkono wa mzee, na anatoka. Baadaye Babu anajikokota kutoka chini, anapangusa mikono, anatia chai vikombe viwili. Anaita.

Nikaanza kupiga kelele. Nimemsema mwandishi, nimemsema aliyemlipa mwandishi.

"Baba Talib, unagombana na nani?" Asha akauliza.

"Na huyu mzee! Mtu kakuokoa mara kumi na saba, hugeuzi hata shingo?"

"Mh." Akakunja kanzu moja, akaiweka. "Na Jumatano nilipokupigia simu, wewe ulikuwa umelala chini ya nini?"

Nikazima.

Basi niandike ilivyokuwa, maana hapo juu sikuandika yote. Jumatano Asha alinipigia karakanani, akampa simu Zuwena. "Kaka, nakusubiri. Nimekuja kutaka radhi." Nilikuwa na kioo cha mita mbili na nusu mezani, mteja kasimama. Nikamwambia, "Sasa hivi, nimalizie hiki."

Kutoka karakanani mpaka nyumbani ni dakika saba. Kioo kilichukua ishirini. Zuwena alikaa kwenye kochi langu saa moja na dakika arobaini, na ile karatasi, Asha ananiambia leo, aliiandika akiwa anasubiri.

Dakika zilizobaki sina pa kuziweka. Mteja alikwishaondoka. Nilifagia vipande vya kioo ambavyo vijana wangu wangefagia. Nilijua nikienda nitalia mbele yake, na mimi ndiye mkubwa.

Bado nna hasira. Na Babu, na Uingereza, na Zuwena kwa kuitazama kwanza bila mimi. Tena mdogo ndiye anayekwenda kwa mkubwa, siyo mimi kujipeleka Mabela kwa wakwe zake bila kualikwa, jasho linanitoka, na diski mkononi kama mrudisha kanda za kukodi.

Saa kumi na moja na robo. Mpaka Mabela dakika thelathini na tano barabara ikiwa wazi. Alhamisi haiwi wazi, tia hamsini. Magharibi saa moja. Asha kashavaa buibui, yuko mlangoni na funguo za gari.

"Utaandika ukirudi," anasema.

Sijui nitamwambia nini. Labda nitaanza kwa kumwambia kwamba na yeye alikosea, hakuna aliyembusu mtu mkono. Halafu nimpe wangu.

Safari hii nifike kabla ya adhana.