Dole Gumba la Kuntala

Baulapada, 14 Juni 2014

Tukuna,

Una adabu wewe? Mwanamke mzima wa miaka sabini na mbili unamshika kidole kama mtoto anayenyweshwa dawa, unakichovya kwenye wino, unakikandamiza kwenye karatasi! Na dereva wako anaangalia! Nilikuambia najua kuandika jina langu. Nilikaa darasa la akina mama miaka miwili, mgongo unauma, mpaka nikalijua, na barua hizi naandika mwenyewe. Wewe ukasema, "Bibi, sahihi yako inacheza, leo ina sura hii, kesho ile. Benki wataikataa. Dole haligeuki."

Haya, salamu. Sisi wazima. Baba yako mdogo Sarat ana kikohozi chake kilekile. Mkewe Minati anakusalimu, anasema mkuu wa wilaya amekonda, hao wapishi wa serikali wanampikia nini? Amekuwekea samaki wakavu.

Karatasi ile ilikuwa ya nini? Nijibu.

Bibi yako,
Kuntala


Makazi ya Mkuu wa Wilaya, 2 Julai 2014

Bibi mpendwa,

Nagusa miguu yako. Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, kazi nyingi. Mvua zimeanza, nazunguka kukagua matuta ya mto.

Usikasirike. Ilikuwa karatasi ya pensheni ya wazee, basi. Nilifanya haraka kwa sababu ofisi ilikuwa inafungwa.

Mwambie mama mdogo Minati samaki wake wamenukisha gari la serikali siku tatu. Nimewamaliza wote.

Mjukuu wako,
Tukuna


Baulapada, 20 Februari 2017

Tukuna,

Mwongo. Pensheni haijaja hata siku moja. Kilichokuja ni barua yenye muhuri, na mtu wa posta akaniita "Mheshimiwa Mkurugenzi" mbele ya wanawake wote kisimani. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Ilikuwa ya Kiingereza, nikamwambia asome. Akasoma: Kuntala Parida, Mkurugenzi, kampuni ya ujenzi.

Tena nasikia kwa muuza chai, si kwako, kwamba umeacha kazi ya serikali. Babu yako alifunga kwa ajili ya mtihani ule! Kijiji kizima kilikula maandazi matamu siku uliyofaulu. Mtu akipewa kiti kile anakufa nacho. Wewe umeinuka kama umekalia mwiba.

Hujambo lakini? Unakula?

Bibi yako,
Kuntala


Bhubaneswar, 11 Machi 2017

Bibi mpendwa,

Nagusa miguu yako. Hatujambo.

Ni kweli, nimeacha. Miaka kumi na minne nimewapigia saluti mawaziri waliofeli shule. Nimechoka. Nilipokuwa kazini sheria haikuniruhusu kuwa na kampuni, kwa hiyo niliiandikisha kwa jina lako. Watu wote hufanya hivyo, huyu kwa mkewe, huyu kwa mama mkwe. Ni jina tu, Bibi. Halina uzito.

Sasa sikiliza jambo jema. Tumepata kazi ya kujenga majengo ya kukimbilia kimbunga, na moja litakuwa Baulapada. Ghorofa mbili, juu ya nguzo. Hamtalala tena juu ya tuta na ng'ombe upepo ukija. Nimelifanya kwa ajili yenu.

Mjukuu wako,
Tukuna


Baulapada, 29 Oktoba 2023

Tukuna,

Salamu. Usiulize hali.

Siku kumi na mbili za msiba zimekwisha, ndiyo maana naandika. Sarat amenyoa kichwa. Amewalisha watu. Amerudi kukaa mlangoni.

Ilikuwa Jumanne. Hakukuwa na upepo. Ilikuwa mvua ya kawaida tu, ya kuingizia nguo ndani. Minati alikuwa kule kwenye jengo lako la kimbunga anapika chakula cha watoto wa shule. Kengele ilikuwa bado, watoto hawajatoka shuleni kuja kula. Paa likashuka. Mimi nilisikia, nikadhani lori limemwaga kokoto. Nikaendelea kuchambua mchele.

Mzee Gobardhan mfinyanzi naye, aliingia kujikinga mvua.

Waliwatoa jioni. Nilikwenda. Nikaokota kipande cha paa, nikakibonyeza, kikavunjika mkononi kama sukari guru. Nikajifuta kwenye sari. Sijalia. Watu wananiangalia, wananingoja nilie. Nakula wali wa maji, nalala, naamka, namwita Minati alete kitunguu, nakumbuka, naenda mwenyewe kuchukua.

Miaka mitano nimelisifia jengo lile. Wageni wakija nawaambia, lile ni langu, lina jina langu kwenye makaratasi mjini Bhubaneswar. Nilijivuna, Tukuna.

Hukuja. Ulituma shada lenye jina lako kubwa kuliko maua. Ng'ombe amelila, amebakiza jina.

Kuntala


Delhi, 6 Desemba 2023

Bibi,

Nagusa miguu yako. Nimesikitika sana kwa msiba wa mama mdogo. Nilitaka kuja, lakini wiki ile nilikuwa na mikutano hapa ambayo haikuahirishika. Chama kimekubali. Nitagombea ubunge, Bunge la Delhi, jimbo letu lenyewe. Nikiwa kule nitaweza kuwasaidia kuliko nilivyoweza wakati wowote.

Huenda mtu akaja kuuliza habari za kampuni. Usiogope. Sema hujui kusoma wala kuandika, uliletewa karatasi ukaweka dole, humkumbuki aliyeileta. Hakuna hakimu atakayemfunga bibi kizee asiyejua kusoma. Ndiyo maana nilitaka dole, si sahihi. Nilikuwa nakulinda.

Usimwambie baba mdogo lolote kwa sasa. Ana majonzi.

Nimetuma blanketi.

Mjukuu wako,
Tukuna


Baulapada, 12 Mei 2024

Tukuna,

Sina salamu. Picha zako zimebandikwa mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Umekutanisha viganja kifuani, unacheka na meno yote.

Amekuja mpelelezi. Ana adabu, alivua viatu. Akanionyesha ile karatasi. "Dole hili ni lako, mama?" Nikasema langu. "Unajua kusoma?" Nikanyamaza. Mimi! Sijawahi kunyamaza mbele ya mtu tangu nizaliwe. Mama mkwe wangu alinipiga kwa mdomo wangu, babu yako alinikimbia kwa mdomo wangu akalala shambani. Juzi nikanyamaza kwa ajili yako, na Sarat yuko pale kizingitini anasikia. Mpelelezi akasema, "Mama, pumzika, nitarudi Jumatatu ya tarehe ishirini."

Alipoondoka Sarat akaniuliza, "Mama, kampuni iliyojenga lile paa ni ya nani?" Nikamwambia angalia sufuria inaungua. Hakukuwa na sufuria jikoni.

Ulinilinda, unasema. Ulinifanya mjinga mwaka ule, ukaniweka akiba, siku ukihitaji mjinga awepo. Kwa hiyo nisikilize. Jumatatu akirudi nitaomba kalamu. Nitaandika Kuntala Parida, herufi zicheze zinavyotaka, na chini yake nitaandika Abhiram Parida, mjukuu wangu, ndiye mwenye kampuni. Niliwahi kuliandika jina lako hilo la shule nikijifunza, nalijua. Wakitaka kunifunga kwa kujivuna wanifunge. Jela wanatoa wali, nimesikia.

Nakupa siku hizi chache kwa sababu nimekulea, si kwa sababu nyingine.

Barua hii nampa Sarat akuletee mkononi. Hajui imeandikwa nini, sikumsomea. Atapanda basi alfajiri na kichwa chake ambacho nywele hazijakaa sawa bado. Walinzi wako wakimzuia getini nitajua.

Sasa hivi yuko mbele yako. Mpe kiti. Watoe nje hao watu wako wa picha. Mwambie kwa mdomo wako nani aliyejenga paa lililomuua mkewe, na akikupiga, usimzuie. Kisha Ijumaa, kabla hawajafunga orodha ya wagombea, nenda ukalitoe jina lako kwenye uchaguzi.

Acha kusoma. Mwambie.

Bibi yako,
Kuntala Parida