Huyu Hauzwi

Kaka,

Tangu tukuzike, mvua haijanyesha hapa Itumba. Shamba la ulezi limekwisha kulimwa, linangoja. Nimetoka kwangu Mpemba, nalala katika chumba chako cha zamani. Mkeo ni mzima, ila bado anapika na chakula chako.

Kinyago cha babu, yule mtu aliyeketi, mikono magotini, kingali nyuma ya ghala. Unajua sikuwahi kukubaliana nawe juu yake. Mimi ni mzee wa kanisa, na nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Kila mwaka kabla ya kupanda ulikipaka uji wa ulezi na damu ya kuku, kisha ukaingia ndani ukisema, "Mzee amekula." Nami nikakusahihisha: "Kinyago kimepakwa." Ulikuwa ukicheka. "Mwalimu, wewe hata marehemu utawasahihisha."

Baada ya matanga nilisema kiondolewe. Habari zikafika Tunduma, na juzi akaja mnunuzi. Alimkuta mkeo ameshika maji ya moto na brashi, akitaka kukisugua kisituaibishe mbele ya mgeni. Yule bwana akamzuia: "Mama, usikioshe! Huo uchafu ndio tunaoutafuta."

Uchafu. Nikainama kuutazama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Ni ukoko mweusi, tabaka juu ya tabaka, hata macho yamefunikwa. Chini kabisa ni uji wa babu. Juu yake ni wa baba. Na begani, katika tabaka la mwisho, kuna alama za vidole. Vyako, Kaka. Kile kidole kilichopinda...

"Shemeji, mkubwa sasa ni wewe," mkeo akasema. "Amua."

"Haya, mzee," mnunuzi akauliza, "kinauzwa?"

Nilikusudia kusema "hakiuzwi". Nikasema, "Huyu hauzwi."

Mnunuzi alipokwisha kuondoka, mkeo akamwaga yale maji. "Leo mwalimu amekosea ngeli," akasema.

Kuku sitachinja, hilo usinitake. Lakini mvua ikinyesha, kabla ya mbegu kuingia udongoni, nitampelekea uji kule nyuma ya ghala, kwa mkono wangu. Pale begani sitapagusa. Kisha nitaingia ndani nimwambie mkeo kwamba mzee amekula, nami sitajisahihisha.

Pumzika, Kaka.

Mdogo wako