Ua la Miiba Chini ya Dirisha

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na cherehani yako hamjambo. Cherehani naiweka kwenye familia kwa sababu najua ukiugua wewe, yenyewe ndiyo hulia kwanza. Sisi huku tu wazima. Macho ya mama yamezidi kufifia, sasa anabagua mwanga na kivuli tu, ila ulimi wake haujapungua makali. Jana kaniambia natembea kama mtu aliyeazimwa miguu.

Simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Nakuomba tu uisome barua hii mpaka mwisho.

Unalikumbuka ua la mama la chini ya dirisha la jikoni, lile alilolibandika jina la Askari. Majani mapana yaliyochanika kingo, kila ncha na mwiba wake, na maua meupe yenye vifuniko vya zambarau yakipanda shina mpaka usawa wa kifua. Alilipanda kutokana na kipande cha mzizi kisichozidi kidole, akangoja miaka mitatu kabla ya kuona ua la kwanza. Ndiyo maana siku lilipokuchania gauni la mteja, nawe ukashika mkasi kwa hasira ukalinyoa majani yote, nyumba haikukalika. Uliondoka kesho yake, mama akiwa bado amenuna.

Wiki mbili baadaye mama alirudi kutoka kliniki ya macho akakuta saruji pale chini ya dirisha. Nilimwambia Askari ameoza mpaka mzizini kwa sababu ya mkasi wako, nami nimeliziba shimo asije akajikwaa. Maneno aliyokutolea kwenye simu unayajua kuliko mimi. Nawe ukaapa hukanyagi tena hapa. Miaka minne sasa.

Juzi mama alitoka kuanika shuka. Alikuwa akipapasa ukuta kama kawaida yake, akafika kwenye rundo la magurudumu mabovu ninayoyaegesha hapo, mkono ukachomwa. Mimi nilikuwa naziba pancha. Nilimwona ananyonya kidole, kisha anaurudisha mkono palepale, polepole, anafuata shina kwenda juu mpaka akayagusa maua.

"Kumbe mwanangu hakuliua," alisema.

Alikaa chini kwenye saruji akalia. Alipotulia akaniagiza nikuandikie kwamba yeye ndiye aliyekukosea, anakuomba msamaha, urudi nyumbani.

Dada, mama hana kosa, na wewe huna. Siku nne tu baada ya wewe kuondoka, Askari alikuwa ameshatoa majani mapya. Niliyaona kwa macho yangu. Lakini mahali pale nilikuwa nimepatamani siku nyingi kwa kazi yangu ya baiskeli, maana pana kivuli mpaka jioni, na mama alishanikatalia mara mbili. Nikaona mtu wa kusingiziwa yupo tayari, tena yuko mbali. Mama alipokwenda kliniki nikachukua sululu nikaling'oa, nikamwaga saruji juu yake.

Sikujua kwamba ua hili, ukiacha hata kipande cha mzizi udongoni, linarudi. Mwaka uliofuata likachomoza kwenye ufa. Nikalikata. Likarudi, nikalikata tena, huku najitia hamnazo kila mama anapokutaja. Baadaye mkono ukagoma kukata, nikaliegeshea magurudumu lisionekane. Nalo likapanda mpaka likayapita.

Nimekuibia mama yako miaka minne kwa ajili ya kivuli. Naona aibu, na nimechelewa kuiona.

Mama ametaka nimsomee barua hii neno kwa neno kabla sijaifunga, ahakikishe ombi lake la msamaha limekaa sawa. Hivi sasa ameketi kwenye kigoda kando yangu anauliza mbona ndefu hivyo. Nimewaza kuandika moja ya kumsomea na nyingine ya kutuma, haoni, asingejua. Lakini nimeandika hii moja tu.

Ndani ya kifurushi nimekuwekea kipande cha mzizi ndani ya kitambaa chenye unyevu. Kilaze udongoni, usikifukuefukue kuangalia kama ki hai. Kitakaa kimya muda mrefu.

Nisalimie shemeji, umwambie baiskeli yake ile ya breki mbovu bado naikumbuka. Niwie radhi, Dada, ukiweza.

Mimi mdogo wako,
Spoku

Naongeza neno: nimeshamsomea yote. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliniuliza basi la kuja kwako linaondoka saa ngapi, nikamwambia, saa moja asubuhi, keshokutwa, nami nitamshika mkono mpaka mlangoni kwako. Amesema nisijisumbue, atamwomba jirani.