Majogoo Wawili wa Mzee Ismaili

Arua, Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Mama mpendwa,

Leo nimekaa kukuandikia, na kabla ya neno lolote naahidi kwamba nitakuambia yote, hata yale ambayo nikiyakumbuka mashavu yangu yanawaka. Simu haifai kwa habari hii. Wewe ukipokea simu huweka sauti kubwa, Baba husikia mpaka uani, na mimi nataka uisome kwanza peke yako.

Hamjambo nyumbani? Kifua cha Baba kimetulia, au bado anakohoa asubuhi ukungu wa Butembo ukishuka? Bibi anaweza kutembea mpaka kanisani bila fimbo? Mimi mwili wangu ni mzima, ila joto la Arua sijalizoea. Sweta uliyonifumia naikunja na kuilalia kama mto, usicheke.

Masomo yanaenda vizuri. Mwalimu wa Kiswahili aliuliza mbele ya darasa ni nani aliyenifundisha kuandika, nikasema ni mama yangu, na darasa zima likapiga makofi kwa ajili yako. Lakini maisha ya chuo yenyewe, Mama, bado yananishangaza. Nilidhani chuo cha Kikristo ni mahali ambapo watu hukunja mikono na kunong'ona. Kumbe! Jumatano sote tunaingia ibadani, na mchungaji wa chuo mwenyewe anapiga adungu, kinubi cha watu wa huku, na wanafunzi wanacheza mpaka vumbi linapanda madirishani. Mchana wa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, niliona mgombea amepanda juu ya meza na kipaza sauti, akimwita mpinzani wake ndizi iliyoivia gizani. Jioni nikawakuta wote wawili wameshika Biblia moja, wanaongoza maombi. Mimi nimejiunga na kwaya, sauti ya pili, na Jumamosi asubuhi tunafagia njia zote za chuo kwa zamu.

Sasa nifike kwenye jambo nililokuficha. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa chumba changu, nilimkuta msichana mwenye mtandio amepiga magoti juu ya mkeka, katikati ya vitanda viwili, anaswali. Nilisimama na sanduku mkononi nikasahau kuliweka chini. Unajua nilichofikiri. Tangu wale watu wa msituni walipochoma kijiji cha Shangazi huku wakilitaja jina la dini hiyo, nyumbani kwetu hatuitaji bila kushusha sauti. Nilikimbia kwa mama mlezi wa bweni, nikamwambia kuna kosa chumbani mwangu. Alicheka mpaka akajifuta macho.

"Wewe mutoto ya Kongo, hii iko West Nile," alisema, akimaanisha upande huu wote wa Arua. "Hapa kwa nyumba moja baba anaenda msikiti, mutoto anaenda kanisa, na wote wanakula sahani moja. Chuo haikatai mutu. Rudi ulale."

Nikarudi, nikalala. Kwako nikasema tu kwamba ninaishi na msichana mpole wa Koboko. Huo haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli wote.

Anaitwa Rukia, yuko mwaka wa pili, naye anasomea ualimu. Malaria iliponilaza, ni yeye aliyenifulia nguo na kunikorogea uji. Ibadani anakuja kama kanuni ya chuo inavyotaka, anakaa nyuma kabisa, na mguu wake hufuata ngoma bila yeye kujua. Huwa ananitania: "Kahindo, unaimba kama mutu anaomba ruhusa ya kuenda choo." Hakuna mtu niliyewahi kumzoea upesi hivyo.

Baba yake alifariki Rukia akiwa mdogo. Anayemsomesha ni baba yake mkubwa, Mzee Ismaili, ambaye yuko Oraba, mpakani na Sudan Kusini, anawashughulikia madereva wa malori karatasi zao za forodha. Mwezi uliopita mtu alimwambia Mzee kwamba Rukia amekwisha kubatizwa huku chuoni. Si kweli hata kidogo. Lakini Mzee akatuma neno: muhula ujao Rukia abaki nyumbani. Rukia alimwomba jambo moja tu, kwamba kwanza aje awaone kwa macho yake watu anaoishi nao.

Nafasi ikapatikana. Kila mwaka kwaya na vikundi vya maombi vya chuo huenda mahali kwa juma la huduma, na mwaka huu tulipangiwa Koboko. Tulisafisha kisima, tulifundisha watoto, tuliimba kwa wagonjwa. Sisi wasichana wanne tulilala nyumbani kwa Rukia, kwa mama yake, Mama Swadiki. Na huko tena nilishangaa, kwa sababu kaka yake Mama Swadiki, Mwalimu Yona, ndiye mwalimu wa kanisa tulilokwenda kuimbia! Ua ni mmoja. Asubuhi mmoja anatoka kwenda msikitini na mwingine anatoka kwenda kanisani, na wanagombania ndoo ile ile ya kunawia.

Mzee Ismaili alikuwa aje Jumamosi, chakula cha mchana. Mama Swadiki alikuwa amefunga majogoo wawili kwa kamba karibu na jiko. "Hii ndiyo chakula ya Mzee," alituambia, kisha akaenda sokoni na Rukia kutafuta mafuta na vitunguu. Wenzangu walikuwa na watoto kanisani. Mimi nilibaki peke yangu nikiosha vyombo.

Mama, uliniambia nisiwe mgeni wa kukaa. Nilitaka wakirudi wakute kazi imekwisha, na Mzee aone Rukia anaishi na wasichana wa namna gani. Nikachemsha maji. Nikakinoa kisu kwenye jiwe, kama ninavyofanya nyumbani Baba akiwa safarini. Nikawachinja wote wawili, na kwa kuwa ilikuwa siku kubwa, niliomba kwa sauti kabla ya kila mmoja: "Bwana Yesu, ibariki meza hii." Waliporudi, nilikuwa nimekwisha kunyonyoa na kukatakata, na nimesimama pale natabasamu, nangoja asante.

Mama Swadiki aliweka kikapu chini polepole.

"Nani amechinja hii kuku?"

"Ni mimi, Mama."

"Wewe? Mutoto mwanamuke? Mukristo?"

Nikasema ndiyo, na kwamba nimeomba vizuri. Rukia aliziba mdomo kwa mtandio wake, machozi yakaanza kumtoka. Jirani mmoja aliyekuja kuazima chumvi aliangua kicheko: "Ai! Leo Ismaili atakula majani kama mbuzi!"

Ndipo wakanieleza. Katika nyumba za mchanganyiko kama zile, anayechinja ni Mwislamu siku zote, mwanamume, kwa jina la Mungu namna yao, ili kila mtu aweze kula. Hata mtoto wa Koboko anajua. Sisi kwetu sote ni wa kanisa, na sijawahi kukaa mahali ambapo mtu anauliza kuku amekufa mkononi mwa nani. Nilijihisi kama niliyemwaga matope ndani ya mtungi wa watu.

Jirani alishusha sauti. "Pika tu. Nani atamuambia? Nyama haina mudomo."

"Mimi siwezi lisha baba yangu haramu," Rukia alisema. Kisha akanigeukia. "Lakini Kahindo, mimi siwezi sema pia. Nikisema, yeye ataona wewe mubaya, na kwangu imeisha."

Kabla hatujaamua, pikipiki ilisimama langoni. Mzee alikuwa amefika mapema. Ni mtu mrefu, mwenye kanzu safi na kalamu mbili mfukoni. Mama, nilitamani kujificha jikoni. Lakini nilifikiri: kama ni mimi niliyeharibu, si haki Rukia abebe. Nilikwenda kabla hajaketi sawasawa, nikapiga magoti kama wasichana wa huku wanavyosalimia wazee, nikamwambia kila kitu. Alinitazama, kisha akamtazama Rukia, ambaye bado alikuwa analia.

"Ulitaja jina ya nani?"

"La Bwana Yesu, Mzee."

"Kwa zote mbili?"

"Kwa wote wawili."

Mwalimu Yona, aliyekuwa ameingia na wenzangu watatu, alijaribu kuniokoa. "Shemeji, huyu ni mugeni. Hajui. Sisi hapa hata Krismasi tunaita wewe uchinje mbuzi yetu, lakini yeye hajui."

"Yona, wewe nyamaza kidogo," Mzee alisema, bila ukali. "Kuku imekufa, imeisha. Mimi sina kesi na kuku." Akanigeukia tena. "Wewe na Rukia munalala chumba moja?"

"Ndiyo, tangu Agosti."

"Huko kwa chuo, siku ya nyama, Rukia iko anakula?"

"Hapana, Mzee. Rukia hapendi nyama."

"Nani alikuambia hapendi?"

Mama, hakuna aliyeniambia. Kila Jumapili Rukia amekuwa akisukuma nyama yake kwenye sahani yangu. Nami nilisema asante, nikala. Miezi yote hiyo! Sikuuliza hata mara moja nyama ya chuo anachinja nani. Nilifikiri ni ukarimu, tena nilikuwa nafurahi moyoni kwamba nimempata mwenzangu asiyependa nyama.

"Huyu?" Mzee alisema. "Alikuwa mudogo hivi, anaiba nyama kwa sufuria, moto inachoma yeye vidole. Rukia, si kweli?"

Rukia aliinamisha kichwa. Mzee akavua kofia yake, akaishika magotini.

"Watu walisema Rukia amebatizwa. Leo nimeona hapana. Mutoto amebatizwa hawezi lia hivi kwa sababu ya kuku. Hiyo imeisha pia. Lakini nimeona kitu ingine, na hiyo imenishtua zaidi. Kwenu Rukia iko kama kiti. Munakalia, hamuoni."

Mwalimu Yona alitazama mikono yake. Mzee alikula ugali wa muhogo na maharage yenye simsim, na akatuamuru sisi wasichana tule kuku wote, tusibakize. "Mumechinja, mukule," alisema. Sijawahi kumeza nyama ngumu namna ile, na haikuwa ngumu.

Baada ya kunawa aliniita, Rukia akiwepo na mama yake.

"Mimi nilitoa mutoto wangu akae kwa nyumba ya Wakristo," alisema. "Miaka yake, usiku yake, chakula yake, yote. Wazazi yako wanaweza toa wewe? Likizo hii ya Desemba, ukuje kwangu Oraba, kwa bibi yangu na watoto wangu, mpaka chuo ifunguliwe. Hutafunga, hutaswali. Jumapili Yona atakupeleka kanisa. Utakaa tu, uone watu. Waulize. Wakikubali, nitajua hiyo chuo si mutego, na Rukia atarudi na wewe. Wakikataa..." Akaivaa tena kofia yake. "Sitakasirika. Lakini nitajua pia."

Kwa hiyo jana, Jumapili, basi la chuo lilirudi Arua bila Rukia, maana Mzee alisema abaki kuanzia sasa. Alisimama langoni akanipungia mkono, akapaza sauti, "Kahindo, usiimbe sana, utaharibu adungu!" kisha akageuka, akaingia ndani upesi. Mitihani inakaribia. Nimemweleza mchungaji wa chuo, na amesema ataongea na walimu wake wampe mitihani mwanzoni mwa muhula ujao, iwapo atarudi. Godoro lake nimeliacha na shuka zake.

Mama, nimekuandikia wewe kwa sababu unajua namna ya kumwambia Baba jambo gumu, baada ya chakula, si kabla. Usimfiche lolote. Mwambie ni nyumba ya Waislamu, mwambie ni mpakani, mwambie sitakuwa nyumbani siku ya Krismasi. Na yale ya kijiji cha Shangazi nimeyafikiria, nimeyaombea, sijayasahau. Ninaogopa kidogo. Lakini nikijiuliza mwenyewe, bila mtu kunisukuma, nataka kwenda, na si kwa ajili ya Rukia tu. Nataka kukaa mahali ambapo mimi ndiye wa kuulizwa ninakula nini.

Nisalimie Baba sana. Msalimie Bibi, umwambie naomba kila jioni kama alivyonifundisha. Msalimie dada yangu Masika na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona, na mjomba fundi cherehani, na Shangazi, ila yeye usimsomee barua hii mpaka Baba awe ameamua. Wamama wa kwaya wote wape mkono wangu.

Barua hii anaileta dereva wa lori la samaki wakavu, yule jirani wa Masika. Atakaa Butembo kwa siku chache, kisha anarudi Arua kupitia Ariwara, na ameniahidi kupita nyumbani kuchukua jibu. Ni mimi binti yenu Kahindo, niliyewapenda siku zote na ambaye sijawahi kuwaomba jambo kubwa kama hili: Mama, wewe na Baba, mtaniruhusu niende nikakae kwa Mzee Ismaili?